Jaramogi, akiba na bei ya sauti

Jina la Jaramogi Ajuma Oginga Odinga likitajwa, wengi wetu hukumbuka kofia ya shanga, usinga mkononi na miongo mitatu ya siasa za upinzani. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kuna sehemu ya maisha yake ambayo naiona kuwa ndiyo msingi wa sehemu nyingine zote, nayo haikuanzia jukwaani wala Bungeni. Ilianzia katika mishahara midogo ya walimu wa Maseno, watu waliokubaliana kutoila yote. Wakati huu ambapo watu wengi wanaotegemea mshahara wanahangaika na mikopo ya nyumba, ni vyema tuitazame upya sehemu hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Kombewa, katika Seme, na barabara itokayo Kisian kwenda Bondo hupita kwetu. Maseno iko kaskazini yetu, na Bondo, nyumbani kwa Jaramogi, iko magharibi. Kwa hiyo habari zake kwetu si historia ya mbali. Alizaliwa yapata mwaka 1911 huko Sakwa, akasoma Maseno, kisha Alliance, na hatimaye Makerere. Aliporudi akawa mwalimu chini ya wamisionari, na katika miaka ya 1940 akawa mkuu wa shule ya mifugo ya Maseno. Kwa Mwafrika wa zama zile, hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Alikuwa na mshahara, alikuwa na cheo, na alikuwa na familia changa. Mwanawe Raila, ambaye alikuja kuwa Waziri Mkuu, alizaliwa hapo hapo Maseno mwezi Januari mwaka 1945.

Mtu wa namna hiyo angeweza kutulia na kungoja pensheni. Jaramogi hakutulia. Aligombana na wakuu wake wa kizungu kuhusu heshima ya Mwafrika, na akakataa kuwaita wanawe kwa majina ya Kizungu. Lakini palikuwa na jambo moja alilolitambua mapema kuliko wenzake wengi: mtu anayemtegemea mwajiri kwa chakula cha jioni hawezi kubishana naye asubuhi kwa muda mrefu. Mkono mtupu haulambwi, na mtu mwenye mkono mtupu husikilizwa kwa nadra.

Katikati ya miaka hiyo ya 1940, yeye na wenzake wachache kutoka Bondo walianzisha chama cha akiba. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Kila mmoja atoe kiasi fulani, fedha zikusanywe, zisigawanywe upesi, bali zizalishwe. Mwaka 1947 chama hicho kilikuwa kimekua na kusajiliwa kuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation. Jaramogi aliacha ualimu akajitosa katika kazi hiyo, akizunguka Nyanza na miji ya Afrika Mashariki walikofanya kazi Wajaluo, katika reli, bandari na viwanda, akiwaomba wanunue hisa.

Ni lazima tukumbuke mazingira ya wakati ule. Mwafrika wa Nyanza hakuwa na hati miliki ya shamba lake, kwa hiyo hakuwa na kitu ambacho benki ingekubali kukipokea kama rehani. Sheria za kikoloni nazo zilimzuia mfanyabiashara kumkopesha Mwafrika zaidi ya kiasi kidogo bila idhini ya serikali. Biashara ya Kisumu ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Njia ya mkopo ilikuwa imefungwa. Iliyobaki ilikuwa njia ndefu ya haba na haba, nayo iliwataka watu wengi wenye kidogo wamwamini mtu mmoja mwenye daftari.

Kampuni ilifungua duka Maseno, ikajenga mjini Kisumu, na jijini Nairobi ikawa na Ramogi Press, mtambo uliochapa magazeti ya Waafrika. Tuutafakari mtambo huo kidogo. Akiba ya walimu, makarani na vibarua iligeuka kuwa karatasi na wino, na wino ukageuka kuwa sauti. Serikali ya kikoloni ililielewa jambo hilo, na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba mwaka 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku.

Sidai kwamba kampuni hiyo iliwatajirisha wenye hisa. Haikuwatajirisha. Mtaji ulikuwa mdogo, mipango ilikuwa mingi kuliko fedha, na wapo waliongojea gawio kwa miaka wakachoka. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967, Jaramogi mwenyewe anaeleza kwamba faida haikuwa lengo kuu. Lengo lilikuwa kumwonyesha Mwafrika kwamba anaweza kuendesha shughuli zake bila kushikwa mkono, na kwamba anayeweza hilo hawezi kutishwa kwa urahisi. Kwa kipimo hicho kampuni ilifaulu. Mtandao ule wa wenye hisa ulimjengea imani ya watu. Akawa kiongozi wa Luo Union, na mwezi Machi mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata alisimama ndani ya Baraza hilo na kumtaja Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, kuwa kiongozi halisi wa Waafrika, wakati ambapo hata Waafrika wenzake Barazani waliliogopa jina hilo.

Yaliyofuata yanajulikana. Alikuwa Makamu wa Rais tangu Desemba 1964, akajiuzulu Aprili 1966, akaunda chama cha KPU. Mwezi Oktoba mwaka 1969, baada ya ghasia na risasi za Kisumu siku ya kufunguliwa kwa hospitali kuu, chama hicho kilipigwa marufuku naye akawekwa kizuizini hadi mwaka 1971. Mara kadhaa baadaye alizuiwa kugombea, na mwaka 1982 akafukuzwa katika KANU. Ni Wakenya wachache waliowahi kuacha ofisi ya pili kwa ukubwa nchini kwa hiari yao. Mtu huuliza: aliwezaje? Ujasiri ulikuwapo, lakini ujasiri peke yake haununui unga. Jaramogi alijua kuishi bila mshahara wa serikali tangu siku alipoondoka Maseno.

Nimeitafakari habari hii kwa sababu ya jambo linalotuhusu sisi tunaofundisha vyuoni. Mwaka 1993 na 1994 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakidai chama chao kiandikishwe. Serikali ilikataa. Baadhi walifutwa kazi, na waliokuwa wakiishi katika nyumba za chuo walitakiwa kuzihama. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi mdogo, lakini nilipoingia katika kazi hii niliyasikia masimulizi yake kutoka kwa waliotangulia, na funzo lilikuwa lile lile: nyumba ikiwa ya mwajiri, hata sauti ya mpangaji ina mwenyewe.

Ndiyo maana wengi wetu tumekimbilia mikopo ya nyumba. Tumemwondoa mwajiri mlangoni, lakini mahali pake tumeisimamisha benki. Mwaka 2025 tulipogoma kwa wiki saba, niliona wenzangu hodari wa hoja wakianza kulegea katika wiki ya tatu. Hoja zao zilikuwa bado zina nguvu. Kilichowalegeza ni tarehe ya makato. Deni la nyumba halitambui mgomo.

Kama mwanaisimu, naona kwamba lugha zililijua jambo hili zamani. Kiswahili kilichukua neno rehani kutoka Kiarabu, na maana yake ni kitu kilichozuiliwa hadi deni lilipwe. Kiingereza kilichukua neno lake kutoka Kifaransa cha kale, na ukilichambua utakuta maana ya dhamana iliyokufa. Kwetu Wajaluo deni ni gowi, na aliye na gowi hukaa kwenye kikao cha wazee kwa namna ya pekee: anasikiliza zaidi kuliko anavyosema.

Basi natuchukue mfano wa hesabu. Mtu akikopa shilingi milioni 3 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20, malipo yake ya kila mwezi yatakuwa kama shilingi 37,300. Katika mwezi wa kwanza shilingi 35,000 ni riba. Zinazopunguza deni lenyewe ni shilingi 2,300 tu. Akiendelea hivyo hadi mwisho, atakuwa amelipa karibu shilingi milioni 9. Lakini akiongeza shilingi 5,000 kila mwezi tangu mwanzo, na benki ikakubali kuziingiza katika deni lenyewe, atamaliza kabla ya kutimiza miaka 13, na jumla ya malipo yake itakuwa kama shilingi milioni 6.4. Shilingi 5,000 za mwezi zimeokoa milioni mbili na nusu, na zimerudisha miaka saba ya maisha.

Hapo ndipo Jaramogi wa Maseno anapoingia nyumbani kwangu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mimi tunalipia nyumba mjini Kisumu. Siku ya mshahara tunatenga kwanza malipo ya benki pamoja na nyongeza yake, kisha karo, kisha chakula na nauli, na mwisho fungu la nyumbani Kombewa. Fungu hilo la mwisho ndilo gumu. Matanga hayana ratiba, harambee hazina mwisho, na kwa desturi zetu aliyesoma hawezi kwenda mikono mitupu. Tumekubaliana kwamba fungu hilo lina kiasi chake kwa mwezi, na kikiisha kimekwisha, isipokuwa kwa msiba wa wazazi na ndugu wa tumbo moja. Wapo wanaotuita wachoyo. Mke wangu huwajibu kwa upole kwamba anayedaiwa hutoa mali ya mwenzake.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba nyongeza ya shilingi 5,000 ni ndoto kwa mtu ambaye mshahara wake umekatwa kodi, bima na michango ya kila aina. Naikubali hoja hiyo. Nchi nzima ina akaunti za mikopo ya nyumba zipatazo elfu thelathini tu, na hilo latosha kuonyesha kwamba milango ya benki ni myembamba. Lakini mtu mmoja mmoja si njia pekee. Walimu wa Maseno hawakuwa na ziada, walikuwa na makubaliano. Nyoluoro za akina mama wa Kombewa na vyama vya ushirika vya walimu, kama Mwalimu kilichoanza mwaka 1974, ni wajukuu wa wazo lile lile. Tatizo ni kwamba siku hizi wengi wetu huingia katika ushirika ili tukope zaidi, na mkopo wa ushirika huliwa kwa gari na sherehe huku ule wa nyumba ukiendelea kuzaa riba.

Haitakuwa haki kumwandika Jaramogi kama mtu asiye na dosari. Mwaka 1993, akiwa kiongozi wa upinzani Bungeni na mwenyekiti wa kamati iliyokagua hesabu za serikali, alikiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara aliyekuwa kiini cha kashfa ya Goldenberg, na akasema zilikuwa za chama. Chama chake cha FORD-Kenya kikapasuka, na vijana waliomheshimu wakamwacha. Alifariki tarehe 20 Januari 1994, miezi michache tu baadaye. Wapo wanaotumia tukio hilo kufuta yote yaliyotangulia. Mimi naliona kuwa ndilo uthibitisho wa yale aliyoyafundisha mwenyewe akiwa kijana. Chama kisichochangiwa na wanachama wake lazima kitatafuta mfadhili, na mfadhili haji bila haja yake. Hisa za vibarua wa reli zilimpa sauti iliyotikisa Baraza la wakoloni. Fedha za mtu mmoja zilimlazimisha ajieleze mbele ya wafuasi wake akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80.

Ndiyo sababu nasema kwamba hesabu ya nyumbani si jambo dogo la kuwaachia wake zetu na madaftari yao. Taifa lenye walimu, wauguzi na makarani wanaodaiwa hadi siku ya kustaafu ni taifa rahisi kutawaliwa vibaya, kwa kuwa kila mmoja atapima ukweli kwa tarehe ya makato kabla ya kuusema. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa mapema ni bora. Mwenye mkopo na aende kwa benki yake aulize, kwa maandishi, kiasi gani cha malipo yake kinapunguza deni lenyewe, na kama nyongeza yake itapokelewa bila faini. Asiye na mkopo na akae na wenzake watano wanaoaminiana, wafungue daftari.