Naftali Temu: Mwanariadha Aliyetangulia

Ras Kitau, katika kisiwa cha Manda, inatazamana na Shela ya Lamu. Pale nchi iko sawa na bahari, na hewa ni nzito yenye joto na chumvi. Aghalabu hudhaniwa kwamba mahali kama hapo hapana uhusiano wowote na mbio za masafa marefu, kwani ushindi wa wakimbiaji wa Kenya umezoeleka kuelezwa kwa miinuko ya bara na hewa yake nyepesi. Maisha ya Naftali Temu yanatulazimu kuitafakari upya dhana hiyo.

Temu alizaliwa mwaka wa 1945 katika jamii ya Abagusii, magharibi mwa Kenya. Alipokuwa mtoto, Mgusii mwenzake, Nyandika Maiyoro, alikuwa amekwisha kuifungua njia. Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, na wa sita huko Roma mwaka wa 1960. Temu mwenyewe alifika Tokyo mwaka wa 1964 akiwa na umri wa miaka 19. Alikimbia marathoni na kumaliza mbali sana nyuma ya washindi. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800. Dhahabu ilikuwa bado.

Miaka miwili baadaye, mnamo Agosti 1966, Temu alishiriki mbio za maili sita katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Kingston, Jamaika. Mpinzani wake mkuu alikuwa Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000. Temu alimwacha Clarke kwa zaidi ya sekunde 20.

Tarehe 13 Oktoba 1968 wawili hao walikutana tena katika Jiji la Mexico, lililo mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mbio zilikuwa za mita 10,000, yaani mizunguko 25 ya uwanja. Kasi ya mwanzo ilikuwa ndogo, kila mmoja akiiogopa hewa ile. Baadaye kundi lilianza kupukutika. Kipchoge Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya nyongo, alilemewa na maumivu kabla mbio hazijaisha. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni. Mbele walibaki Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde alichomoka katika mzunguko wa mwisho. Temu akamfuata, akamfikia na kumpita karibu na utepe. Muda wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4, na tofauti baina yao haikufika sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na Temu ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda mita 10,000 katika michezo hiyo. Siku nne baadaye alipata shaba katika mita 5,000, kisha akakimbia marathoni na kumaliza wa 19.

Wapo waliodai kwamba ushindi ule ulikuwa wa mwinuko, si wa mtu. Madai hayo yana chembe ya ukweli, kwani wakimbiaji wa nchi za chini waliteseka mno Mexico. Hata hivyo, yanaisahau Kingston. Kingston ni mji wa bandari, wenye hewa nzito na joto kama la Ras Kitau, na huko Temu alimshinda mtu yule yule kwa ufasaha zaidi. Kumnyima sifa kwa sababu ya hewa ni kumpunja.

Baada ya Mexico nyota yake ilififia. Mjini Munich mwaka wa 1972 hakuvuka raundi ya mchujo ya mita 10,000. Alifariki tarehe 10 Machi 2003 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 57. Wakati huo, Mkenya wa kawaida akiulizwa kuhusu Mexico, jina lililomjia kwanza lilikuwa la Keino, mshindi wa mita 1,500. Keino anastahili heshima yake. Lakini aliyetangulia ni Temu.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa fasihi tunapohusika. Habari za Fumo Liyongo zimetufikia kwa sababu watu walizisimulia na kuzitunga, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaziandika kwa utendi. Shujaa asiyetungiwa hubaki nambari katika orodha ya matokeo. Temu ameiachia Kenya ushindi wa kwanza. Ni juu ya waandishi wa Kiswahili, wa pwani na wa bara, kuuhifadhi.