Abu Rayhan Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyepima Tofauti ya Saa Baina ya Miji

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Kila inapofika Jumapili ya mwisho ya Machi, Uingereza husogeza saa zake mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Hapo wazazi wenye watoto huko huanza kuuliza: Je, wakati wa Sala umebadilika? Na sisi tumepishana nao saa ngapi? Jawabu lake lina mizizi katika kazi ya mwanachuoni wa Kiislamu aliyeishi miaka elfu moja iliyopita.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni alizaliwa mwaka 362 Hijria, sawa na 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizm, ambayo leo imo Uzbekistan. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtaalamu wa hesabu na falaki. Ujana wake haukuwa wa raha. Mwaka 995 vilizuka vita vya kugombea utawala, akalazimika kuukimbia mji wake.

Usiku wa kupatwa kwa mwezi

Mwaka 997 alikuwa amerudi Kath, naye hajatimiza miaka 24. Alipatana na Abu al-Wafa Al-Buzjani, bingwa wa hesabu aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame mwezi utakapopatwa na aandike saa ya mji wake.

Hekima yake ni hii. Jua huchomoza na kuchwa kwa wakati tofauti katika kila mji, lakini mwezi unapopatwa, wote wanaouona huuona katika dakika ile ile. Basi wakilinganisha saa walizoandika, tofauti itakayoonekana ndiyo tofauti ya saa baina ya miji yao. Walipolinganisha walikuta ni kiasi cha saa moja. Na kwa kuwa dunia ina nyuzi 360 na siku ina saa 24, kila saa moja ni nyuzi 15, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Kwa njia hiyo saa ikawa kipimo cha umbali baina ya mashariki na magharibi.

Ghazna, kibla na vivuli

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, akamchukua Al-Biruni pamoja na wanachuoni wengine hadi Ghazna, iliyomo Afghanistan ya leo. Huko ugenini hakuacha kazi. Mwaka 1025 alimaliza kitabu chake cha kupima mahali ilipo miji, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kupata kibla sahihi cha Ghazna.

Aliandika pia kitabu kuhusu vivuli na nyakati za Sala. Humo alimtaja mtu aliyekataa chombo cha kupimia nyakati kwa sababu kilichorwa miezi ya Kirumi. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni, basi na hayo mawili ayaache. Urefu wa kivuli cha adhuhuri hufuata mwaka wa jua, na miezi ya Hijria huuzunguka mwaka huo. Kutumia miezi ya jua kwa hesabu hiyo hakumtoi mtu katika dini yake.

Faida kwetu leo

Ndugu Waislamu, saa ya ukutani ni makubaliano ya watu, na wakati wa Sala umefungwa na jua. Tazama Unguja na Muscat: kwa jua tumepishana kiasi cha saa moja na dakika 17, lakini saa zetu zinaonesha saa moja kamili, kwa kuwa nchi hukubaliana kufuata saa ya eneo zima.

London nayo hupishana nasi saa tatu wakati wao wa baridi, na saa mbili wakati wa joto. Sisi hatusogezi. Saa inaposogezwa, jua halitikisiki. Adhuhuri yao iliyokuwa ikiingia muda mfupi baada ya saa sita mchana, sasa itaandikwa muda mfupi baada ya saa saba.

Hatari ipo kwa anayetumia ratiba ya zamani na saa mpya. Mwezi Machi atafuturu saa nzima kabla jua halijachwa, na funga yake ya siku hiyo itamlazimu kuilipa. Ramadhani ya mwaka 2024 ilikutana na mabadiliko hayo hayo. Na anayesali faradhi kabla ya wakati wake kuingia, faradhi hiyo bado iko shingoni mwake. Mwezi Oktoba kosa hugeuka, akachelewa saa nzima. Basi tuwahimize watoto wetu wahakikishe ratiba ni ya mji wao na ni ya saa mpya. Aliye na shaka alitazame jua.

Kifo chake

Al-Biruni alifariki Ghazna akiwa amevuka miaka 70, ameacha vitabu na risala zaidi ya 100. Inasimuliwa kwamba mwanafiqhi mmoja alimzuru akiwa mahututi, naye akamuuliza mas-ala ya mirathi ya mabibi. Mgeni alimhurumia kwa hali aliyokuwa nayo. Al-Biruni akamweleza kwamba kuiaga dunia akiijua mas-ala hiyo ni bora kuliko kuiaga akiwa haijui. Akafundishwa, akairudia. Mgeni alipotoka, akiwa bado njiani, alisikia vilio kutoka nyumba ile.

Allah amrehemu, na atujaalie kuzilinda Sala zetu kwa nyakati zake.

Wallahu a'lam.