Cižek: Mwalimu aliyejifunza kwa watoto wa mtaani

Ni mzazi gani asiyewahi kurudi nyumbani jioni akakuta kiambaza alichokipaka chokaa juzi kimejaa michoro ya makaa? Hapa gari lenye magurudumu sita, pale mtu mwenye kichwa kikubwa na vidole kama miba. Wengi wetu hutafuta fimbo kwanza, maswali baadaye. Tukiulizwa sababu, hatukosi methali ya kujitetea: samaki mkunje angali mbichi.

Alikuwako mtu mmoja huko Vienna, mji mkuu wa Austria, ambaye alisimama mbele ya michoro ya namna hiyo asishike fimbo. Alitazama, akarudi kutazama tena, na jambo aliloliona likabadili jinsi watoto wa nchi nyingi wanavyofundishwa sanaa. Jina lake ni Franz Cižek. Wachache miongoni mwetu wamelisikia, ingawa, kama tutakavyoona, mkono wake ulifika mpaka Afrika Mashariki.

Cižek alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Leitmeritz, nchini Bohemia, ambayo wakati ule ilitawaliwa na mfalme wa Austria na siku hizi ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 20, alishika njia kwenda Vienna kusomea uchoraji katika chuo kikuu cha sanaa. Hakuwa na mali. Alipanga chumba katika nyumba ya watu maskini waliokuwa na watoto, na hapo ndipo elimu yake ya kweli ilipoanzia, nje kabisa ya chuo.

Ua wa mbao

Watoto wa nyumba ile walimwona mgeni wao akichora, nao wakataka kuchora. Mtu mwingine angewafukuza wasimharibie rangi. Cižek aliwapa karatasi, penseli na brashi, akawaacha. Walichokitoa kilimshangaza. Hakikufanana na kazi za chuoni, wala hakikuwa takataka. Kilikuwa na mpango wake na nguvu zake.

Mbele ya chumba chake ulikuwako ua mrefu wa mbao. Watoto wa mtaa walikuwa wakiuchora kwa chaki, na kila mmoja aligombea nafasi. Wako waliokatiza chakula cha mchana ili wawahi mahali pazuri kabla ya wenzao, na mara nyingine walipigana kwa ajili ya ubao mmoja. Cižek alitazama mambo hayo kutoka dirishani akajiuliza swali. Watoto hawa hawa, wakiwa shuleni katika kipindi cha uchoraji, huketi wamenuna wakihesabu dakika. Mbona hapa wanaacha hata chakula?

Jibu halikuwa mbali. Katika shule za siku zile kuchora maana yake ilikuwa kunakili. Mwalimu alitoa mistari, pembe na maumbo ya hesabu, na mtoto akayafuata. Aliyenakili sawasawa alisifiwa. Aliyeongeza lake alikemewa. Kumbe uani hakukuwa na wa kunakiliwa. Kila mtoto alichora kile alichokuwa nacho kichwani.

Cižek aliendelea kuchunguza, akaona jambo jingine. Watoto wasiojuana huchora kwa kanuni zinazofanana. Kichwa huwa kikubwa kwa sababu ndicho chenye maana, nyumba huonyeshwa ndani na nje kwa pamoja, na lililo muhimu hupewa nafasi kubwa. Mtu mzima huyaita haya makosa. Cižek alishikilia kwamba mtoto hakosei, ila anasema kwa lugha yake, na lugha hiyo ina sarufi.

Darasa lisilo na karo

Aliwaonyesha michoro ile rafiki zake, vijana wa sanaa mpya wa Vienna waliokuwa wamechoshwa na mwigo wa mambo ya kale. Wakamhimiza afungue shule. Wakuu wa elimu walisitasita, kwani mtu aliyeomba kibali cha kutofundisha alikuwa kioja. Hata hivyo mwaka 1897 alipata ruhusa, akaanzisha darasa lake la sanaa kwa watoto. Miaka michache baadaye lilitiwa chini ya Chuo cha Sanaa za Ufundi cha Vienna, ambako yeye mwenyewe alikuwa mwalimu.

Watoto walikuja mwishoni mwa juma, wakati shule za kawaida zimefungwa. Umri wao ulikuwa tangu kama miaka minne hadi 14. Karo haikutozwa, kwa hivyo mtoto wa kibarua aliweza kuketi meza moja na mtoto wa tajiri. Cižek hakuficha kwamba aliwapenda zaidi wale wa maskini. Aliona kwamba mtoto aliyezungukwa na vitu vingi vya kununuliwa hupungukiwa na hamu ya kuvumbua.

Vifaa havikuwa vya gharama. Palikuwa na karatasi za rangi, makasi na gundi. Palikuwa na udongo wa kufinyanga, sindano na nyuzi, na vipande vya linoliamu, ile inayotandikwa sakafuni, ambavyo watoto walivichonga, wakavipaka wino na kupiga chapa. Hadi leo mwalimu anayempa mtoto makasi na karatasi ya rangi akate umbo bila kuchora kwanza, yumo katika njia ya Cižek.

Somo la majira

Tunaweza kuingia darasani humo kwa sababu mwanamke wa Kiingereza, Francesca Wilson, alihudhuria akaandika aliyoyaona, na maandishi yake yakachapwa mwaka 1921. Somo alilolieleza lilihusu majira ya mwaka, yale majira ambayo katika nchi za baridi majani hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutika kabla ya theluji kuanguka.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Mwalimu hakuleta picha ya kunakili. Aliwataka watoto wayachore majira hayo kama mtu. Mtu huyo ana sura gani? Amevaa nini? Ana nini mkononi? Kila mtoto ajijibie mwenyewe. Yale aliyoyaona njiani akija darasani, majani chini ya miti na matunda sokoni, ndiyo yalikuwa akiba yake. Kazi ilipokwisha, michoro ilitundikwa mbele ya wote, na mwalimu akaizungumzia mmoja mmoja.

Utaona busara ya kuchagua majira. Hakuna mtoto asiyeyajua. Hayahitaji kitabu wala fedha, na kila mwaka hurudi yakimkuta mtoto amekua, ana macho mengine. Aliyeyachora akiwa na miaka saba hawezi kuyachora vile vile akiwa na kumi.

Lakini tusimfanye marehemu malaika. Katika somo hilo hilo Cižek aliwaagiza watoto wapige kwanza fremu kandokando ya karatasi, na mtu wao awe mkubwa wa kuijaza nafasi yote. Je, huo si ufundishaji? Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Thomas Munro, alilitembelea darasa hilo akaandika mwaka 1925 kwamba uhuru unaosifiwa haukuwa mkamilifu. Watoto walitazamana, walitazama kazi zilizokuwa zimewazunguka, na kazi zao zikaanza kufanana.

Lawama hiyo ina ukweli. Ukizitazama picha za Vienna utakuta mistari mizito, rangi zilizojazwa vizuri na mapambo mengi, kana kwamba zimetoka katika ukoo mmoja. Hapa ndipo penye fundo ambalo kila mlezi hulikuta. Ukimwelekeza mtoto mno, anakuwa kivuli chako. Ukimwacha kabisa, huenda akakaa na karatasi tupu. Cižek alitangaza upande mmoja, na mikono yake ikatenda kidogo upande wa pili. Pengine ndiyo maana darasa lake lilifaulu.

Njaa na maonyesho

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, milki ya Austria ilikuwa imevunjika na Vienna ikashikwa na njaa. Watoto walikonda mifupa ikaonekana. Francesca Wilson alikuwa miongoni mwa waliokwenda huko kutoa misaada. Alipoliona darasa la Cižek alishangaa kuona rangi nyingi na furaha nyingi zikitoka kwa watoto wenye dhiki kiasi hicho.

Michoro ikachukuliwa hadi London, ikaonyeshwa huko na katika miji mingine ya Uingereza, na fedha zilizopatikana zikasaidia mfuko wa kuwaokoa watoto ulioanzishwa mwaka 1919. Miaka ya 1920 michoro hiyo ilivuka bahari hadi Marekani. Waingereza waliokuwa maadui wa Austria juzi tu walipanga mistari kutazama kazi za watoto wa adui. Walimu waliotoka humo walirudi shuleni kwao wakiwa na mashaka juu ya vitabu vyao vya kunakili.

Masanduku mawili

Miongoni mwa vijana waliosoma kwa Cižek katika chuo kile wakati wa vita alikuwako msichana wa Kiyahudi wa mjini Vienna, Friedl Dicker. Baadaye alisoma pia Ujerumani, akawa msanii wa vitu vingi, akaolewa na kuitwa Dicker-Brandeis. Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria mwaka 1938, na muda si mrefu darasa la mzee Cižek likafikia mwisho wake. Friedl tayari alikuwa amehamia Chekoslovakia, lakini mkono wa Hitler ulimfuata huko.

Desemba 1942 yeye na mumewe walipelekwa Terezín, mji wa ngome uliogeuzwa kuwa kambi ya Wayahudi. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 50. Watu walichukua nguo na chakula. Friedl alitenga nafasi ya vifaa vya kuchorea.

Humo kambini alikusanya watoto akawafundisha kama alivyofundishwa. Karatasi ilipokwisha walitumia fomu za ofisi na vipande vilivyotupwa. Walikata, walibandika, walichora maua, nyumba walizonyang'anywa, mashamba na vipepeo. Kambi ilikuwa imewageuza watoto kuwa nambari, lakini Friedl aliwataka watie majina yao kwenye kazi zao.

Septemba 1944 mumewe alihamishwa. Friedl akajiandikisha mwenyewe ili amfuate. Alipakiwa kwenye gari moshi siku za kwanza za Oktoba, pamoja na baadhi ya wanafunzi wake, akauawa Auschwitz. Mumewe alipona.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameijaza michoro ya watoto katika masanduku mawili yakafichwa. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, yalipelekwa Prague. Ndani mlikuwamo michoro ipatayo 4,500, nayo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la mji huo. Wengi wa waliochora hawakurudi. Majina yao yapo, kwa mwandiko wao wenyewe.

Cižek mwenyewe alifariki Vienna Desemba 1946, akiwa na umri wa miaka 81.

Mkono uliofika kwetu

Huko Uingereza mwalimu Marion Richardson, ambaye alikuwa amefikia mawazo ya namna hiyo kwa njia yake, alizuru darasa la Vienna. Richardson naye aliwafundisha walimu mjini London, na mmoja wao alikuwa Margaret Trowell. Bibi huyu alikuja Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe daktari, akakaa Ukambani, akavutiwa na kazi za mikono za wenyeji. Kisha akahamia Uganda, na mwaka 1937 akaanzisha madarasa ya sanaa yaliyozaa shule ya sanaa ya Makerere. Badala ya kuwapa wanafunzi picha za Ulaya wanakili, alikuwa akiwasimulia tukio kwa maneno, kila mmoja akalichora alivyoliona.

Katika shule hiyo alipita Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, aliyechora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a zikimwonyesha Yesu katika mandhari ya Kiafrika. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa jijini Nairobi. Hivyo kamba iliyosokotwa mbele ya ua wa mbao ilivutwa hata ikatufikia.

Basi turudi kwenye kiambaza chetu chenye makaa. Hatuna theluji wala majani ya dhahabu, lakini majira tunayo. Tunayo mvua ya masika inapoangusha matone ya kwanza juu ya vumbi, msimu wa maembe Pwani, na jakaranda za Nairobi zinapotandika maua ya zambarau barabarani mwezi wa Oktoba. Udongo wa mfinyanzi upo mtoni, na karatasi ya gazeti hili, ukishalisoma, itafaa kukatwa kwa makasi. Mwulize mtoto mvua angeichora mtu wa namna gani, kisha umwachie nafasi.

Na methali ile hatuitupi. Ila kabla ya kumkunja samaki, ni vyema kwanza tumtazame anavyoogelea.