HARRY THUKU NA RISASI ZA NAIROBI



Mtu akiwa Nairobi, akapita karibu na Chuo Kikuu, ataikuta Barabara ya Harry Thuku. Kando yake ipo Hoteli ya Norfolk, na jirani yake kituo kikuu cha polisi. Wengi hupita bila kujua kwamba mahali hapo, tarehe 16 Machi 1922, watu wasio na bunduki walipigwa risasi kwa sababu walikuja kumdai mtu mmoja atolewe kifungoni. Mtu huyo ndiye Harry Thuku.

Siku hizi watu hubishana sana, kwetu na ng'ambo, juu ya polisi kutumia risasi, na kama rangi au unyonge wa mtu humfanya auawe kwa wepesi zaidi. Swali hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo nimeona inafaa tuyatazame maisha ya mzee huyu.

Kijana wa Kambui

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, wilaya ya Kiambu, nchini Kenya. Elimu yake aliipata katika misioni ya Gospel Missionary Society iliyokuwa hapo hapo Kambui. Tusimfanye mtakatifu: mwaka 1911, akiwa bado kijana, alipatikana na hatia ya kughushi hundi, akafungwa miaka miwili. Alipotoka alifanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi. Kazi hiyo ilimzoeza kusoma Kiingereza na kuyajua mawazo ya mabwana. Baadaye aliajiriwa katika Hazina ya Serikali, Nairobi, kazi yake ikiwa kupokea simu.

Hiyo ilikuwa kazi nzuri kwa Mwafrika wa siku zile. Angeweza kunyamaza na kula mshahara wake, lakini hali ya nchi haikumruhusu. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilikuwa imemaliza wapagazi wengi. Waliorudi walikuta wamewekewa kipande, yaani hati yenye alama za vidole, ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuibeba, na wengi waliitundika shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mzungu hakubeba. Kodi ilipandishwa. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Tena wanawake na wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani.

Hapa yafaa Waanglikana tukumbuke jambo letu. Mwaka 1919 Serikali ya Kenya ilitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wahimize watu kwenda kuwafanyia kazi walowezi, na kuhimiza kule kukawa kulazimisha. Baadhi ya viongozi wa Kanisa huko waliikubali kazi ya lazima mradi iwekewe masharti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikataa katakata. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuilaumu Uingereza kwa kuwatia Waafrika katika utumwa wa namna nyingine. Kwa hiyo Kanisa halikuwa na sauti moja. Wako waliotazama Waafrika kama mikono ya kazi tu, na wako waliowatazama kama watu.

Chama cha watu wote

Mwaka 1921 Thuku alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Upesi aliona kwamba kipande na kodi havikuchagua kabila, basi chama kikaitwa East African Association, kikafungua mlango kwa makabila yote, kwa Wakristo na Waislamu. Mhindi mmoja mwenye gazeti, M. A. Desai, alimsaidia. Serikali ilimwambia achague kati ya kazi yake na siasa, akaacha kazi.

Alisafiri huku na huku akihutubia mikutano. Alisema waziwazi juu ya kipande, mishahara, na binti za watu. Watu walimpenda, na katika mikutano walimwombea kwa jina lake. Serikali ilimwogopa. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa.

Siku ya tarehe 16

Kesho yake watu wengi waliacha kazi. Tarehe 16 maelfu walikuwa wamekusanyika mbele ya kituo cha polisi. Wajumbe walikwenda kuonana na Sir Charles Bowring, mmoja wa wakubwa wa Serikali ya koloni. Waliambiwa Thuku hataachiliwa. Wajumbe wakarudi, wakawasihi watu watawanyike, na baadhi wakaanza kuondoka.

Ndipo akasimama mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru. Aliinua nguo yake mbele ya wanaume wote, akawaambia wampe yeye suruali zao kwa kuwa wao ni waoga. Kwa Wakikuyu kitendo hicho cha mama ni aibu kubwa na karibu na laana. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele. Askari wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa.

Haikuishia hapo. Walioshuhudia walieleza kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza la Hoteli ya Norfolk nao walifyatua bunduki zao, wakiwapiga watu waliokuwa wakikimbia. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Waafrika waliofuatilia maiti walihesabu zaidi ya 50. Ndugu wasomaji, tofauti hiyo yenyewe ni fundisho. Mahali ambapo mtu hana thamani, hata maiti yake haihesabiwi sawasawa.

Tuseme ukweli wote. Askari waliosimama mbele ya kituo walikuwa Waafrika, chini ya maofisa Wazungu. Umati ulikuwa mkubwa, na pengine kidole cha kwanza kilichovuta kilivutwa na hofu. Lakini hofu haiwezi kumweleza mtu aliyekuwa hotelini, asiyetishwa na yeyote, akachukua bunduki na kuwalenga wanaokimbia. Huyo alifanya hivyo kwa sababu alijua hataulizwa.

Na kweli hakuulizwa. Serikali ilichunguza, ikaona polisi walikuwa na haki. Maswali yalitolewa katika Bunge la Uingereza, lakini hakuna aliyetiwa hatiani kwa vifo vile. Miaka mitatu kabla yake, Aprili 1919, majeshi ya Kiingereza yaliwaua watu huko Amritsar, India. Serikali yenyewe ilikiri vifo 379. Hapo angalau iliundwa tume iliyokuwa na Wahindi ndani yake, na Jenerali Dyer akalazimika kuacha kazi. Haki hiyo ilikuwa ndogo sana, lakini watu wa Nairobi hawakupata hata hiyo. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Uhamisho na uzee

Aliyeadhibiwa ni Thuku, ambaye wakati wa risasi alikuwa amefungiwa. Hakupelekwa mahakamani. Alihamishwa kwenda Kismayu, kisha Lamu, Witu na Marsabit, karibu miaka tisa. Alirudi Kiambu mwanzoni mwa 1931.

Alirudi mtu mwingine. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association, lakini wakagombana, na mwaka 1935 akaanzisha chama chake kilichoahidi kudai haki kwa kufuata sheria. Wakati wa Mau Mau aliwapinga wapiganaji waziwazi, na kwa hilo wengi walimwita msaliti. Mimi simhukumu. Alikuwa amewaona watu wakifa kwa ajili ya jina lake, na mtu wa namna hiyo ana sababu ya kuogopa damu. Alilima kahawa kwa bidii, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters' Coffee Union. Aliuona Uhuru wa 1963. Alifariki tarehe 14 Juni 1970.

Fundisho kwetu

Sisi tuliofundisha historia tulizoea kuliweka jambo hili katika sura ya ukoloni, kisha tukafunga kitabu. Lakini ukoloni uliondoka na bunduki zikabaki. Mwezi Juni 2024, katika Nairobi ile ile, vijana walipigwa risasi karibu na Bunge. Hata hapa Kinondoni, Februari 2018, risasi iliyopigwa wakati polisi wakitawanya waandamanaji ilimwua mwanafunzi aliyekuwa ndani ya daladala. Hapo aliyeua na aliyeuawa ni wa rangi moja. Kwa hiyo ubaya hauko katika ngozi ya mshika bunduki peke yake. Uko katika kuamini kwamba wapo watu ambao wakifa hakuna wa kuulizwa. Mkoloni aliwachagua watu hao kwa rangi. Marekani hadi leo watu weusi wanalalamika kwamba wanachaguliwa vivyo hivyo. Kwetu huweza kuchaguliwa kwa umaskini, kwa mtaa, au kwa chama.

Askari ni watoto wetu. Wengine wanaabudu pamoja nasi, na kazi yao ni ngumu na ya hatari. Hatuwaombei wawe wanyonge mbele ya majambazi. Lakini tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa umeweka kanuni kwamba risasi ya kuua itumike tu pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai. Kanuni hiyo humlinda askari pia, maana humpa sababu ya kukataa amri mbaya.

Basi, tusikiapo kwamba mtu amepigwa risasi, tusikimbilie kuuliza alikuwa mhuni gani. Tuulize: Nani alitoa amri? Palikuwa na hatari gani? Je, angekuwa mtoto wa mkubwa, angepigwa? Kisha tuulize jina lake. Katika wale wa Nairobi, jina linalokumbukwa na wengi ni la Muthoni peke yake. Waliobaki tunawajua kwa idadi tu, na hata idadi hiyo ina ubishi.