Johann Wolfgang Döbereiner, Mtoto wa Mwendesha Gari

Baba yangu ni dereva wa lori, na kwa muda mrefu nilidhani kuwa kemia ni kazi ya watoto wa wakubwa. Nilikuwa karibu kuiacha. Ndiyo sababu napenda kuwaeleza wenzangu habari za Johann Wolfgang Döbereiner.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1780 katika nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwendesha gari la farasi. Hakupata masomo mengi ya shule. Alipokuwa kijana wa miaka 14 alipelekwa kwa mtengeneza dawa ajifunze kazi, naye akajisomea kemia. Baadaye alijaribu biashara, ikamshinda. Mwaka wa 1810 hakuwa na kazi, na jamaa yake yamtazamia yeye. Ndipo alipoitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jena, na hata Goethe, yule mshairi mashuhuri, akawa rafiki yake.

Mwaka wa 1823 alipuliza hewa ya haidrojeni juu ya platini laini yenye matundu kama sifongo. Platini ikawa nyekundu, na haidrojeni ikawaka bila ya kiberiti. Lakini platini yenyewe haikupungua. Kitu kiharakishacho badiliko bila ya kuliwa nalo huitwa kichocheo. Akatengeneza taa ya kuwashia moto, ikaenea sana, walakini hakujiandikishia haki yake, wala haikumtajirisha.

Mimi napenda zaidi kazi yake nyingine. Platini ni ghali, tena peke yake ilikuwa kali mno, hata hewa zilizochanganywa ziliweza kulipuka. Döbereiner akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akafanya vidonge. Udongo ukaishika metali na kuitawanya, na kazi ikaenda polepole bila ya hatari. Siku hizi wanasayansi hufunga metali, pamoja na vitu vilivyoungana nayo, juu ya kitu kigumu kama silika. Kazi ikiisha, kichocheo huchujwa na kutumika tena, badala ya kupotea ndani ya maji ya dawa.

Alifariki Jena mwaka wa 1849. Wenzangu, metali ya thamani ilihitaji udongo ili ifae. Basi na tusijidharau kwa sababu ya tulikotoka. Mimi nimekwisha kukirudia kitabu changu cha kemia.