Rudolf Diesel: Mvumbuzi aliyefariki kabla ya injini yake kuingia barabarani

LORI linapopanda mlima wa Kinungi likihema na kutapika moshi mweusi, mwenyewe hujua fika kwamba wakati umewadia wa kulipeleka kwa makanika ili nozeli zisafishwe. Vitundu vya nozeli, ambavyo wembamba wake unakaribia ule wa unywele, vikizibwa na masizi, mafuta hayaingii tena katika silinda kama ukungu bali hudondoka matone matone na kuungua nusu nusu. Nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi. Ni wachache wanaofahamu kwamba suala hilo la kupenyeza mafuta ndani ya silinda ndilo lililomhangaisha hadi kaburini mtu ambaye jina lake hutajwa katika kila kituo cha petroli, tena kwa herufi ndogo.

Rudolf Diesel alizaliwa jijini Paris mnamo Machi 18, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani wa Bavaria. Vita baina ya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka wa 1870, familia hiyo ilikimbilia London, na kijana huyo wa miaka 12 akapelekwa Augsburg kwa jamaa zake akasome. Alihitimu uhandisi mjini Munich mwaka wa 1880 kwa alama za juu kabisa.

Ni katika masomo ya Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu, ambapo Diesel alitambua kwamba injini ya mvuke ilipoteza takriban sehemu tisa kwa kumi za joto la makaa. Wazo la kuziba pengo hilo halikumtoka tena. Mnamo 1892 aliwasilisha ombi la hataza ya injini isiyohitaji cheche: hewa ingegandamizwa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, kisha mafuta yaingizwe na kuwaka yenyewe.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumjengea. Katika jaribio la Agosti 10, 1893, mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa mlipuko uliorusha kipimo cha shinikizo kutoka kwenye mtambo. Mnamo Februari 17, 1894, injini ilijiendesha yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi.

Kuipata hewa yenye joto hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kuyaingiza mafuta kwa kiasi kidogo mno, yakiwa laini kama ukungu, dhidi ya shinikizo kubwa lililokuwamo ndani, na kwa wakati barabara. Pampu za enzi hiyo hazikuiweza kazi hiyo. Diesel alilazimika kutumia kompresa ya kuyapuliza mafuta kwa hewa iliyogandamizwa, na kompresa hiyo yenyewe ililishwa nguvu za injini. Injini iliyopimwa rasmi mwaka wa 1897 iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, ufanisi ambao mtambo wa mvuke haukuukaribia. Hata hivyo, ilikuwa na uzito wa tani nne na nusu, ilhali ilitoa nguvu za farasi wapatao 20 tu. Gari lingebebaje mzigo huo?

Basi injini hiyo ikaenea viwandani na melini. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900, mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na mwaka wa 1912 meli ya Selandia ya Denmark ilisafiri hadi Bangkok kwa nguvu za dizeli.

Diesel alitajirika upesi, akafilisika upesi vilevile. Biashara ya ardhi ilimtia hasara, afya ikazorota, na jumba lake la fahari la Munich likawa mzigo. Usiku wa Septemba 29, 1913, akisafiri kwa meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, aliagana na wenzake akaingia chumbani. Asubuhi hakuonekana. Siku chache baadaye mabaharia wa Uholanzi waliopoa maiti baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuurudisha mwili majini. Mwanawe alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake. Wengi huamini alijitoa uhai, ingawa uvumi wa mauaji haujawahi kuzimika.

Malori ya kwanza ya dizeli yalionekana Ujerumani mnamo 1923 na 1924. Mwaka wa 1927 kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo iliyosukuma mafuta moja kwa moja hadi kwenye nozeli, bila kompresa. Mwaka wa 1936 Mercedes-Benz ikazindua 260 D, gari dogo la abiria la dizeli. Wakati huo Diesel alikuwa amekufa kwa zaidi ya miaka 22.