Jean-Paul Sartre: Mwalimu Aliyetunga Mchezo wa Noeli Kifungoni

Jina la Jean-Paul Sartre hutajwa zaidi katika masomo ya falsafa na fasihi. Ni watu wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa pia mwalimu wa darasani kwa miaka mingi, na kwamba tamthilia ya kwanza aliyoitunga baada ya kutambulika kuwa mwandishi haikuandikwa kwa ajili ya kumbi za Paris. Aliitunga kwa ajili ya mateka wenzake waliojaa majonzi, ili waicheze wao wenyewe mkesha wa Krismasi. Hapa tutayatazama maisha yake kwa upande huo, maana yana funzo kwa kila mwalimu atakayepewa darasa ambamo baadhi ya watoto wamefiwa.

Utoto na elimu

Sartre alizaliwa mjini Paris tarehe 21 Juni, 1905. Baba yake, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifariki mwaka uliofuata, mtoto akiwa bado hajaanza kusema sawasawa. Mama yake alirudi naye nyumbani kwa wazazi wake. Huko alilelewa na babu yake, Charles Schweitzer, mwalimu wa Kijerumani na mtunzi wa vitabu vya kufundishia lugha hiyo. Mtoto huyo alikua kati ya vitabu, na angali mdogo jicho lake la kulia lilipoteza nguvu ya kuona.

Mwaka 1924 aliingia katika chuo cha École Normale Supérieure. Mwaka 1928 alishindwa mtihani wa taifa wa kuwapata walimu wa falsafa. Aliurudia mwaka 1929, akawa wa kwanza. Wa pili alikuwa Simone de Beauvoir, aliyekuja kuwa mwenzi wake wa maisha.

Mwaka 1931 alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya mji wa bandari wa Le Havre. Katika sherehe ya kutoa zawadi mwaka huohuo, wazazi wakitazamia hotuba ya kawaida ya mwalimu, yeye aliwaeleza kwamba sinema ni sanaa inayostahili heshima. Tangu mwanzo, basi, alikuwa mwalimu aliyetambua kwamba watu hujifunza pia kwa kutazama. Alifundisha Le Havre, kisha Laon, kisha Neuilly karibu na Paris, mpaka vita vilipozuka mwaka 1939.

Vitani na kifungoni

Jeshini Sartre aliwekwa katika kikosi cha kupima hali ya hewa. Tarehe 21 Juni, 1940, siku aliyotimiza miaka 35, alitekwa na Wajerumani huko Padoux, mashariki mwa Ufaransa. Baadaye alipelekwa katika kambi ya mateka iliyoitwa Stalag XII D, juu ya kilima karibu na mji wa Trier, Ujerumani.

Hapana budi kuielewa hali ya watu aliowakuta humo. Katika majuma machache ya Mei na Juni nchi yao ilikuwa imeshindwa, na Wafaransa wapatao milioni 1.8 walikuwa wametekwa. Wengi walikuwa wamewaona wenzao wakifa vitani. Walitenganishwa na wake zao, watoto na wazazi, na hakuna aliyejua kifungo kitakwisha lini. Noeli ilipokaribia, majonzi yalizidi, kwa kuwa sikukuu humkumbusha mtu kila asiyekuwapo mezani.

Sartre hakuwa mtu wa dini. Hakuamini kwamba Mungu yupo. Lakini kambini alifanya urafiki na mapadre waliokuwa mateka kama yeye, naye akakubali kutunga mchezo wa Noeli. Alitafuta kisa ambacho mwamini na asiyeamini wangeweza kukitazama pamoja, kila mmoja akaona hali yake humo. Akauita mchezo huo Bariona.

Mchezo wenyewe

Mchezo unasimuliwa na kipofu mwenye kuonyesha picha. Tunaelezwa habari za kijiji kimoja cha Uyahudi chini ya utawala wa Warumi. Vijana wamekihama kwenda mjini, nao wazee waliobaki wanaongezewa kodi. Bariona, mkuu wa kijiji, amekata tamaa kabisa. Anaamua kodi ilipwe, lakini tangu siku hiyo asizaliwe mtoto mwingine, ili kijiji kife taratibu na mateso yake yaishe. Ndipo Sarah, mke wake, anapomweleza kwamba ana mimba, na kwamba anataka kumzaa mtoto huyo.

Habari zinaposambaa kwamba Masihi amezaliwa Bethlehemu, Bariona anaona kuwa ni tumaini la uongo litakalowalegeza watu wake. Anakwenda akiwa na nia ya kumwua mtoto. Mlangoni mwa zizi anauona uso wa Yosefu akimtazama mwana huyo, na mkono unamlegea. Halafu Balthazar, mmoja wa Mamajusi, anamfundisha kwamba mtu si sawa na mateso yake. Yeye ndiye anayeamua mateso hayo yawe na maana gani. Mwisho Bariona anawaongoza wanaume wa kijiji kwenda kuwazuia askari, ili Yosefu na Mariamu wapate nafasi ya kumkimbiza mtoto. Anajua kwamba atakufa, lakini anakwenda akiwa na furaha.

Mchezo ulionyeshwa tarehe 24 Desemba, 1940. Sartre mwenyewe alicheza nafasi ya Balthazar. Walinzi waliona hadithi ya Biblia tu. Mateka walielewa mara moja kwamba Warumi ni nani. Jambo lililomgusa zaidi mtunzi lilikuwa ukimya wa watazamaji. Alisema baadaye kwamba kutokana na ukimya ule alitambua tamthilia inapaswa kuwa nini: kundi zima la watu likiambiwa jambo linalowahusu wote.

Baada ya kifungo

Sartre aliachiliwa mwezi Machi 1941 kwa cheti kilichodai kwamba ugonjwa wa macho ulimfanya asifae kwa jeshi. Alirudi kufundisha Paris, na mwaka 1943 ukaonyeshwa mchezo wake Les Mouches, unaohusu mji ambao watawala wake wanauweka daima katika kilio na majuto ili watu wasiinue vichwa. Mwaka 1944 aliacha ualimu, akaishi kwa kalamu yake. Mwaka 1964 aliikataa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alifariki Paris tarehe 15 Aprili, 1980, na makumi ya maelfu ya watu wakamsindikiza kaburini.

Kuhusu Bariona, hakujisifu. Mwaka 1962 aliruhusu uchapwe katika nakala chache tu. Aliuona kuwa mchezo dhaifu, wenye hotuba ndefu mno.

Funzo kwa mwalimu

Kwanza, Sartre hakuwahutubia mateka juu ya huzuni yao. Aliwapa kisa cha watu wengine, cha zamani na cha mbali, nao wakajiona humo bila kuaibishwa. Mtoto aliyefiwa na mama yake asilazimishwe kuigiza msiba wake mwenyewe mbele ya darasa. Apewe kisa cha mwingine, naye atachukua kiasi anachoweza kukibeba.

Pili, aliwapa watu kazi ya kufanya. Kujifunza maneno, kushona mavazi, kupanga jukwaa: hayo yote humrudisha mwenye majonzi katika jamii ya wenzake. Mwalimu anayegawa kazi katika mchezo asimsahau mtoto anayekaa kimya. Akikataa kusema jukwaani, huenda atapenda kupiga ngoma.

Tatu, mchezo haukudanganya. Mateka hawakuambiwa kwamba waliokufa watarudi au kwamba lango litafunguliwa kesho. Waliambiwa tu kwamba bado walikuwa na uwezo wa kuchagua watayapokeaje yaliyowapata. Watoto nao hutambua upesi faraja ya uongo, na wakishaitambua hawamwamini tena aliyeitoa.

Nne ni kasoro aliyoikiri mtunzi mwenyewe. Mwalimu anapotunga mchezo hushawishika kuweka mafundisho yake yote kinywani mwa mhusika mmoja. Ayapunguze. Mkono wa Bariona ulilegea kwa sababu aliuona uso wa Yosefu, kabla ya hotuba ya Balthazar. Katika sherehe za kufunga shule mwishoni mwa mwaka, darasa likiwa na msiba, mandhari moja ya namna hiyo iliyochezwa vizuri inatosha.